Posho iliyokatika: jinsi mamluki wa Kisaksoni walivyogeuka wenye nchi

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia wa sekondari mkoani Morogoro. Alikuwa darasani anafundisha kuanguka kwa dola ya Roma, mwanafunzi akanyoosha mkono: "Kama Wasaksoni walikwenda Uingereza na meli tatu tu, tena kwa kualikwa kupigana vita vya watu wengine, waliwezaje kuishia kuwa wenye nchi?" Mwalimu alijibu alivyoweza, lakini jibu lake halikumridhisha mwenyewe, akaniandikia.

Mwalimu, mwanafunzi wako ameshika mahali penyewe hasa penye utata: udogo wa kile kikosi na ukubwa wa yaliyotokea. Jibu langu ni hili. Wasaksoni, watu wa Kijerumani kutoka pwani ya Bahari ya Kaskazini, waliitwa wawe askari wa kulipwa posho, na nchi iliyowaita ilikuwa imekwisha kupoteza njia za kuikusanya posho hiyo. Ukilishika jambo hilo, uasi wao unaeleweka bila kutafuta ushujaa wa ajabu wala usaliti wa kutisha. Kigumu zaidi kukieleza ni kilichofuata baada ya uasi, maana uasi peke yake haukuwapa nchi.

Tuanze na shahidi aliye karibu zaidi na mambo yenyewe. Gildas alikuwa mtu wa Kanisa, Mbritoni, yaani mwenyeji wa Britania, kama Warumi walivyokiita kisiwa hicho, aliyeandika kwa Kilatini katika nusu ya kwanza ya karne ya 6. Hakukaa chini aandike historia. Alikuwa anawakemea wafalme na mapadri wa zama zake kwa dhambi zao, na yaliyopita aliyaleta kama ushahidi wa mashtaka. Ndiyo maana tarehe hana, na majina ya watu anayataja kwa uchache mno. Lakini alikuwa msomi wa Kilatini safi, na maneno aliyoyachagua yana thamani kubwa kuliko anavyodhaniwa na wengi wanaomsoma kwa haraka.

Anasimulia hivi. Wapikti kutoka kaskazini na Waskoti kutoka Ireland walikuwa wakiivamia Britania mara kwa mara. Baraza la wakuu, pamoja na mtu anayemwita "dhalimu mwenye kiburi", likaamua kuwaita Wasaksoni wawapige hao wavamizi. Wakaja na vyombo vitatu. Gildas anaviita kwa neno la Wasaksoni wenyewe, *cyulae*, na hilo ni miongoni mwa maneno ya kale kabisa ya Kiingereza yaliyopata kuandikwa popote. Wakawekwa upande wa mashariki wa kisiwa. Habari njema zikarudi kwao, wakaja wengine wengi zaidi. Wakadai posho, wakapewa, na posho hiyo, anasema, kwa muda mrefu iliziba "kinywa cha mbwa". Kisha wakaanza kulalamika kwamba posho ya mwezi haitoshi. Wakawa wanakuza kila kisa kidogo kwa makusudi, wakatishia kwamba wasipoongezewa watauvunja mkataba na kukipora kisiwa chote. Muda si muda, vitisho vikawa vitendo.

Hapa naomba usome polepole na wanafunzi wako. Maneno ya Kilatini anayoyatumia kwa posho, kwa posho ya mwezi na kwa mkataba ni maneno ya ofisi. Ndiyo yaliyotumika katika jeshi la Roma kwa mgao wa nafaka wa askari na kwa makubaliano na makabila ya nje yaliyopigana chini ya bendera ya dola. Hata neno lake la "wenyeji" wa hao Wasaksoni linakumbusha utaratibu wa Kirumi wa kuwakaribisha askari majumbani na mashambani mwa raia. Padri aliyetaka tu kuwatukana wapagani asingehitaji msamiati wa bohari. Mimi nauona kama mwangwi wa makubaliano halisi, yaliyofanywa na watu waliojua jinsi Roma ilivyoendesha mambo yake.

Na Roma iliyaendesha hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 306, Constantine alipotangazwa kaisari mjini York, mmoja wa waliomuunga mkono alikuwa Crocus, mfalme wa Waalamani, kabila la Kijerumani, aliyekuwa pale pamoja naye. Katika miaka ya 370 kaisari Valentinian alimtuma Britania mfalme mwingine wa Kialamani, Fraomar, akaongoze kikosi cha watu wa kabila lake kilichokuwa tayari kinatumika huko. Wasaksoni wenyewe nao hawakuwa wageni wa jana. Tangu karne ya 3 walikuwa maharamia wanaosumbua pande zote mbili za mlangobahari kati ya Britania na bara, na Roma ilijenga ngome za mawe pwani kuwazuia wao na wenzao. Kuta za Portchester, Pevensey, Richborough na Burgh Castle zimesimama hadi leo. Ofisa aliyezisimamia alikuwa na cheo cha Kamanda wa Pwani ya Saksoni. Kumchukua adui wa jana ukamweka mlangoni amzuie adui wa leo lilikuwa jambo la kawaida kabisa katika dola ile.

Kwa hiyo yule dhalimu wa Gildas, ambaye mtawa Bede katika kitabu chake cha mwaka 731 anamwita Vortigern, hakubuni upumbavu mpya. Nalisema hili kwa mkazo, Mwalimu, kwa sababu mtu huyu amebebeshwa lawama za nchi nzima kwa karne 15. Alifanya walivyofanya makaisari. Wapikti walikuwa wanakuja, pengine kwa mashua wakilizunguka Boma la Hadrian lililojengwa kuwazuia nchi kavu, na ndiyo maana walinzi waliwekwa mashariki. Jeshi la Roma lilikuwa ng'ambo, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tatizo la Vortigern ni kwamba alirithi desturi ya Roma bila hazina ya Roma.

Tuitazame hazina hiyo. Mwaka 383 jemadari Magnus Maximus alijitangaza kaisari Britania, akavuka na askari kwenda Gaul, Ufaransa ya leo, kupigania kiti. Aliuawa mwaka 388. Mwisho wa mwaka 406 Wavandali, Waalani na Wasuebi waliuvuka mto Rhine, mpaka wa dola. Mwaka 407 jeshi la Britania likamtangaza mwingine, Constantine wa Tatu, naye akavuka na askari, naye akauawa, mwaka 411. Kabla hata hajafa, kama mwaka 409, Wabritoni walikuwa wamekwisha kuwafukuza maofisa wake na kujitawala wenyewe. Kaisari halali, Honorius, hakuwa na la kufanya: mwaka 410 Wagothi wa Alaric walikuwa ndani ya jiji la Roma, wakilipora.

Huo ndio upande wa askari, na vitabu vingi vya shule huishia hapo. Upande wa fedha ndio ulioumiza zaidi. Sarafu za Britania zilitoka katika karakana za dola ng'ambo ya bahari, zikiletwa hasa ili kulipa jeshi na watumishi. Askari alilipwa, akanunua sokoni, mkulima akapata sarafu, akalipa kodi, kodi ikamlipa askari. Baada ya mwaka 402 hivi, sarafu mpya karibu zikome kabisa kuletwa. Mwaka 1992, huko Hoxne katika Suffolk, mtu aliyekuwa akimtafutia rafiki yake nyundo iliyopotea shambani alikuta sanduku lililofukiwa enzi hizo: karibu sarafu 15,000 za dhahabu, fedha na shaba, pamoja na vijiko na mapambo. Sarafu za mwisho humo ni za miaka ya 407 na 408. Na zile za fedha, nyingi zimekatwakatwa kingo. Watu walikuwa wanazipunguza kidogo kidogo ili wapate madini ya kutosha kwa malipo mengine, kwa sababu walijua hakuna nyingine zinazokuja.

Katika kizazi kimoja mambo mengi yaliporomoka pamoja nazo. Viwanda vikubwa vya ufinyanzi vilivyouza vyungu na sahani kisiwa kizima vilizima matanuru. Nyumba za mashambani za matajiri, zenye sakafu za vijiwe vya rangi na bafu za maji moto, ziliachwa au zikageuzwa maghala na zizi. Miji ilipungua watu. Sehemu nyingine za dola ya magharibi zilidhoofika polepole. Britania iliporomoka kwa kasi kuliko karibu zote.

Sasa piga hesabu na darasa lako. Wanahistoria hukadiria kuwa askari alikula karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Chukua kikosi cha watu 300 tu: ni kilo 300 kila siku, zaidi ya tani 100 kwa mwaka, kabla hujahesabu nyama, pombe, viatu, chuma cha silaha, na chakula cha wake na watoto. Zamani kazi hiyo ilifanywa na makarani, maghala, barabara, mikokoteni na sheria ya kodi yenye jeshi nyuma yake. Vortigern na baraza lake walipaswa kwenda kwa kila kabaila wakamwombe mavuno, mwaka baada ya mwaka, huku kila kabaila akiona kwamba Wapikti wako mbali na shamba lake. Nani angetoa kwa moyo? Malalamiko ya Wasaksoni kwamba posho haifiki sawasawa yanaweza kabisa kuwa yalikuwa ya haki. Gildas anayaita hila, lakini Gildas hakuwa anasubiri mgao wa mwezi ghalani.

Mwenye kukosa posho ya kutoa hutoa ardhi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Roma yenyewe ilifanya hivyo mwaka 418, ilipowapa Wavisigothi makazi Aquitaine, kusini-magharibi ya Gaul. Lakini angalia kinachobadilika. Askari wa kambini anayekula kutoka ghalani ukimnyima mgao amekwama. Askari mwenye shamba, ng'ombe, mke na shemeji aliyekuja na meli iliyofuata hakuhitaji tena kwa chakula. Anakuhitaji kwa heshima na zawadi tu, na hizo anaweza kuzipata kwa kumpora jirani yako.

Alama za watu wa namna hiyo zimo ardhini. Karibu na Dorchester ya mto Thames, mahali panapoitwa Dyke Hills, mwaka 1874 lilipatikana kaburi la mwanamume mwenye vifaa vya mkanda mpana wa shaba, wa aina iliyovaliwa na askari na maofisa wa Kirumi wa mwisho, na jirani yake mwanamke mwenye bizimu ya Kijerumani. Huko Mucking, Essex, kwenye kilima kinachoitazama Thames inapoelekea bahari, wachimbaji walifukua kijiji chenye vibanda zaidi ya 200 vya mtindo wa Kisaksoni, vilivyochimbwa sakafu chini ya usawa wa ardhi. Humo pia kaburi moja lilikuwa na seti nzuri ya mkanda wa namna hiyo. Mtu aliyekaa kwenye kilima kile aliona kila chombo kilichopanda kwenda London. Kama ungekuwa unataka kulinda mto, ungewaweka walinzi wako hapo hapo. Na kama ungekuwa unataka kuufunga, pia.

Kwa nini basi Wabritoni hawakuwafukuza mara tu walipoanza kutishia? Sehemu ya jibu ni sheria ya Kirumi iliyowakataza raia kubeba silaha za vita. Kazi ya raia ilikuwa kulipa kodi, kazi ya askari kupigana. Katika nyanda za kusini na mashariki mwa Britania, vizazi zaidi ya kumi vilizaliwa na kufa bila mkulima kuitwa vitani. Kaisari alilegeza amri hiyo Italia mwaka 440 tu, alipowaogopa Wavandali waliokwisha kuiteka Carthage. Tazama ramani ya mahali Wabritoni walipodumu muda mrefu zaidi: Wales, Cornwall, kaskazini-magharibi. Ni sehemu za milima, zilizokuwa na ngome nyingi za jeshi na miji michache, ambako desturi ya kushika mkuki haikufa. Mashariki yenye miji, barabara na bafu, iliyokuwa ya Kirumi zaidi, ndiyo iliyokwenda kwanza. Kwangu mimi hili ni jambo la kusikitisha sana katika habari hii yote: wale waliokuwa wameiamini Roma zaidi ndio waliobaki bila kinga.

Uasi ulipolipuka, Gildas anasema, moto uliwaka kutoka bahari hadi bahari. Anataja miji iliyobomolewa na maiti zisizozikwa. Lugha yake ni ya mahubiri, lakini hofu haikuwa ya kubuni. Historia fupi ya miaka iliyoandikwa Gaul na kuishia mwaka 452 inasema, katika mwaka unaolingana na 441, kwamba Britania imeangukia chini ya mamlaka ya Wasaksoni. Bede, aliyefanya hesabu zake karne 3 baadaye, aliweka kuja kwao karibu na mwaka 449, na hiyo ndiyo tarehe iliyozoeleka mashuleni. Mimi namwamini zaidi yule wa Gaul, kwa kuwa aliandika ndani ya miaka kumi na michache ya tukio, hata kama alizidisha ukubwa wake. Na kabla ya hapo, mwaka 429, askofu Germanus wa Auxerre alipotembelea kisiwa hicho, aliwakuta Wapikti na Wasaksoni wakishambulia pamoja. Kwa hiyo wafundishe wanafunzi kwamba Wasaksoni walikuwa wakija kwa miongo kadhaa, wengine kwa mkataba na wengine kwa uharamia, na kwamba zile meli tatu ni kumbukumbu iliyofupishwa.

Wabritoni walimwandikia Aetius, jemadari mkuu wa Roma huko Gaul, aliyekuwa konsuli kwa mara ya tatu mwaka 446. Gildas ananukuu barua hiyo: washenzi wanatusukuma baharini, bahari inaturudisha kwa washenzi, tuko kati ya vifo viwili, kuchinjwa au kuzama. Msaada haukuja. Aetius alikuwa na Attila wa Wahuni wa kumshughulikia.

Sasa nifike pale nilipoahidi. Vitabu vingi huruka kutoka uasi hadi falme za Kisaksoni kana kwamba ni hatua moja, na hapo ndipo mwanafunzi wako alipoona kuna kitu hakikai sawa. Amini macho yake. Baada ya uporaji, wengi wa waasi walirudi kwao, yaani kwenye makazi yao. Wabritoni wakajipanga chini ya Ambrosius Aurelianus, mtu wa ukoo wa Kirumi ambaye Gildas anamtaja kwa heshima ya pekee, wakaanza kushinda baadhi ya vita. Mapambano yakaendelea hadi kuzingirwa kwa Mlima Badon, ambako Wasaksoni walipigwa vibaya. Gildas anasema alizaliwa mwaka huo, na kwamba tangu hapo vita na wageni vilikuwa vimetulia, ingawa miji ilibaki magofu na Wabritoni waliendelea kupigana wenyewe kwa wenyewe. Mamluki walioasi, kwa maneno mengine, walishindwa. Ila hawakuondoka. Walibaki mashariki na mashamba yao.

Na nyuma yao walikuwa wanakuja watu ambao hawakuwa askari wa mtu. Pwani ya kaskazini ya Ujerumani maji yalikuwa yanapanda na vijiji vilivyojengwa juu ya vichuguu vya udongo vilikuwa vinaachwa. Feddersen Wierde, kilichochimbwa kwa uangalifu mkubwa, kilihamwa katika karne hiyo ya 5. Bede anaandika kwamba nchi ya Waangli, majirani wa Wasaksoni waliohama pamoja nao, kule walikotoka, ilisemekana kuwa tupu hadi siku zake. Upande wa pili, Spong Hill katika Norfolk, kuna makaburi ya zaidi ya watu 2,000 waliochomwa na kuzikwa ndani ya vyungu kwa desturi ile ile ya Saksoni ya kale. Mwaka 2022 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya zama za kati, ikiwemo ya watu 278 kutoka Uingereza, wakakuta kwamba katika mashariki na kusini hadi asilimia 76 ya asili ya watu wa miaka hiyo ilitoka ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini. Walikuwemo wanawake pamoja na wanaume, na wengi walikuwa wamezaa na wenyeji na kuzikwa nao.

Miaka ya nyuma ilikuwa mtindo miongoni mwetu wanahistoria kusema kwamba walikuja wapiganaji wachache tu, wakakaa juu, na Wabritoni wakaiga lugha na mavazi yao. Ushahidi huu umelipunguza nguvu sana wazo hilo. Kikosi cha mamluki kilipata kituo salama upande wa pili wa bahari, na kwa vizazi vinne au vitano familia zikawa zinahamia pale penye ndugu. Ndiyo maana leo kisiwani hakuzungumzwi lugha inayotokana na Kilatini.

Linganisha na Italia. Mwaka 476 askari wa Kijerumani waliokuwa wakiitumikia Roma walidai theluthi ya ardhi. Walipokataliwa, Odoacer aliwaongoza, akamwondoa kaisari wa mwisho wa magharibi, akatawala yeye. Ni mgogoro ule ule wa malipo ya mamluki, miaka 30 na kidogo baada ya ule wa Britania. Lakini Odoacer alikuta makarani, maseneta, maaskofu na daftari za kodi vyote viko mahali pake, akavitumia. Wafaranki huko Gaul nao hivyo hivyo. Walikuwa wachache kati ya wengi, wakajifunza lugha ya wengi. Britania haikuwa na daftari la kumkabidhi mshindi.

Kuhusu Hengist na Horsa, ndugu wawili wanaotajwa kuwa viongozi wa zile meli: Gildas hawajui, Bede ndiye anayewataja, na majina yao yote mawili maana yake ni farasi. Kisa cha binti wa Hengist aliyemlevya Vortigern hadi akaitoa Kent kwa mahari, na cha karamu ambayo Wasaksoni walichomoa visu kutoka kwenye viatu, vilikuja katika maandishi ya karne ya 9. Wasimulie wanafunzi, watavifurahia, mradi wajue kwamba ni hadithi za kabila lililoshindwa likijieleza lilishindwaje.

Kutoka kiongozi wa genge hadi mfalme, njia ilikuwa ndefu na haikuwa sawa kila mahali. Kent ilibaki na jina lake la Kibritoni na huenda ilichukuliwa ikiwa nzima. Wessex, ufalme ambao hatimaye uliunganisha Uingereza yote, ulidai kuanzishwa na Cerdic, aliyefika na meli tano mwaka 495 kwa mujibu wa kumbukumbu zilizokusanywa karne 4 baadaye. Jina Cerdic si la Kijerumani. Ni la Kibritoni. Mwasisi wa nasaba ya wafalme wa Kisaksoni alikuwa na jina la watu wanaosemekana kushindwa, na mimi sioni maelezo mepesi zaidi ya kwamba mamake au babake alikuwa mmoja wao. Mwaka 577, kumbukumbu hizo hizo zinasema, Wasaksoni wa magharibi waliwaua wafalme watatu wa Kibritoni huko Dyrham na kutwaa Gloucester, Cirencester na Bath. Kutoka uasi wa mamluki hadi hapo ni zaidi ya miaka 130. (Jina "Kiingereza" tunalotumia sisi limetufikia kupitia kwa Wareno, lakini ndani yake wamo bado wale Waangli, majirani wa Wasaksoni.)

Wabritoni waliobaki chini ya utawala mpya hawakuangamizwa wote, bali walishushwa. Wasaksoni waliwaita *wealas*, wageni, katika nchi yao wenyewe. Neno hilo ndilo lililozaa jina la Wales, na baadaye likaja kumaanisha pia mtumwa. Sheria za mfalme Ine wa Wessex, za miaka ya 690 hivi, zinaonyesha bei ya kila mtu, yaani fidia ya kulipa ukimuua. Mkulima huru wa Kisaksoni ni shilingi 200. Mbritoni mwenye shamba la familia moja ni 120. Kabaila wa Kisaksoni ni 1,200. Mbritoni mwenye mashamba matano ni 600. Mzazi wa Kibritoni aliyetaka mwanawe ahesabiwe mtu kamili alijua amfundishe lugha gani.

Katika sheria hizo hizo kuna kifungu ninachokirudia kila nikifundisha habari hii. Kinataja kile ambacho kila ardhi yenye mashamba kumi ya familia inapaswa kumtolea mfalme au bwana. Ine alikuwa wa ukoo uliodai kutoka kwa Cerdic, na watu wake walikuwa wazao wa wale waliosimama mlangoni pa ghala la Vortigern wakilalamika kwamba mgao wa mwezi haujatimia. Sasa mgao unaletwa kwao: mapipa 10 ya asali, mikate 300, vipimo 12 vya pombe ya Kiwelisi na 30 vya pombe angavu, ng'ombe wakubwa wawili au kondoo 10, mabata bukini 10, kuku 20, jibini 10, kipimo kizima cha siagi, samaki wa samoni watano, ratili 20 za majani ya mifugo, na mikunga 100. Hiyo pombe iliyotajwa kwanza, ya Kiwelisi, ni pombe ya *wealas*.